Giaboksi Inayowahi Kona

Wapenda magari wakianza kubishana kuhusu auto za spoti, yaani giaboksi zinazobadilisha gia zenyewe kwenye magari ya spoti, hawachukui muda wanahamia kwenye milisekunde: giaboksi ipi inabadilisha gia haraka kuliko nyingine. Mimi riziki yangu ni kufungua giaboksi hapa Mbeya, na naona ubishi huo umeshapitwa na wakati. Hata dereva hodari wa klachi hawezi tena kushindana na auto nzuri ya leo kwa wepesi, na hizo auto zenyewe zinaachana kwa muda mdogo mno ambao aliyekaa kwenye kiti hausikii. Kilichobaki ni kuwahi. Giaboksi imejua saa ngapi kwamba gia ya chini inahitajika? Kabla ya kona, katikati ya kona, au kona ikiwa imeshapita na wewe umeshatukana?

Suala hili lilinirudia kichwani baada ya Toyota kuionyesha GR Yaris iliyoboreshwa, Januari 2024, ikiwa na giaboksi mpya ya auto ya gia nane waliyoiita GR-DAT. Msiichanganye na Yaris mnazopishana nazo pale Mwanjelwa. Hii ina injini ya lita 1.6, silinda tatu tu, lakini ina tabo (feni ya kuijazia injini hewa), na baada ya maboresho hayo inatoa nguvu za farasi 304 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 400 kwa vipimo vya Japani, ikisukuma matairi yote manne. Ilipotoka mwaka 2020, toleo hilo la tabo lilikuja na gia sita za mkono, basi. Ni gari lililotokana na rally. Ukiliwekea auto, washabiki watakuuliza kama una akili timamu.

Maelezo ya Toyota ndiyo yaliyonifanya nikae vizuri. Walisema auto za kawaida husubiri gari lenyewe lionyeshe dalili, kwa mfano mwendo kupungua, ndipo zichague gia. Hii yao inasoma miguu ya dereva: breki imekanyagwa kwa nguvu kiasi gani, imeachiwa vipi, mafuta yameguswa namna gani. Kwa dalili hizo inakisia gia itakayotakiwa kabla mwendo wa gari haujabadilika.

Mtu wa Chalinze, kwenye barabara yake iliyonyooka, anaweza kuyasoma hayo na kuendelea na shughuli zake. Mtu wa huku juu hawezi. Sisi tunaishi na miteremko: Kitonga ukitoka Iringa kushukia Ruaha Mbuyuni, Mlima Nyoka pale Uyole, Iwambi ukiteremkia Mbalizi, barabara ya Chunya ukishaiacha Kawetire. Utingo ambaye hajawahi kushika usukani anajua kwamba mlima unaushuka kwa gia ile ambayo ungeupandia. Hii kanuni haina mjadala, na wanaoidharau tunawaona wamelala korongoni.

Auto za zamani zilikuwa hazijui kanuni hiyo kabisa. Ndani yake kulikuwa na shinikizo mbili za oili zinazovutana. Moja ilitoka kwenye gavana, kifaa kinachozunguka pamoja na shafti ya kutokea, kwa hiyo gari likiongeza mwendo nayo inapanda. Nyingine ilifuata kebo ya mafuta: ukikanyaga sana inapanda, ukiachia inashuka. Ya gavana ikiishinda ya mafuta, gia inakwenda juu. Hesabu safi, tena bila waya wa umeme hata mmoja. Sasa ipeleke Kitonga. Dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, mwendo unaongezeka kwa sababu ya mteremko. Kwa akili ya giaboksi hiyo, hapo ndipo mahali pa kuweka gia kubwa kuliko zote. Injini inaacha kulishika gari, mzigo wote unabaki kwenye breki. Ndiyo sababu waliweka ile 2 na L kwenye hendeli, za kulishikilia gari kwenye gia za chini, na baadaye kitufe cha O/D, cha kuizuia gia ya juu kabisa. (Ukipanda Noah ya zamani na dereva anaanza kushuka Kitonga bila kugusa chochote kati ya hivyo, mwambie kwa upole. Akikasirika, shuka.)

Kompyuta ilipoingia, mambo yalipata nafuu. Kompyuta inalinganisha kazi ya injini na jinsi gari linavyokwenda. Ikiona gari linaongeza mwendo wakati mafuta hayajakanyagwa, inaelewa huu ni mteremko na inashikilia gia ya chini. Nzuri, lakini bado inaelewa baada ya gari kuanza kukimbia. Kwa gari la familia inatosha. Kwa gari la spoti ni kuchelewa.

Kuna kijana aliniletea gari lake, sedani ya spoti iliyotumika, auto, nguvu inakwenda matairi ya nyuma, rangi ya kutamanisha. Akaanza na heshima zote, "Shikamoo fundi," kisha malalamiko: giaboksi inampiga teke kwenye kona, na fundi mwingine ameshamwambia bei ya kufungua. Nikapima oili: nyekundu, safi, haina harufu. Nikachomeka mashine ya kusoma makosa: hakuna kitu. Nikamwambia twende barabara ya Tukuyu. Tukapita Igawilo, tukaanza kupanda kuelekea Isongole, mvua ya manyunyu kama kawaida ya huko. Tulipoanza kushuka upande wa pili, tabia ya gari ikaonekana. Anakaribia kona, anaondoa mguu kwenye mafuta. Giaboksi inadhani amechoka kukimbia, inapandisha gia. Anakata kona injini ikiwa imelegea, haishiki wala haivuti. Akitoka kwenye kona anakanyaga mafuta. Hakuna kinachotokea, halafu giaboksi inashtuka, inaangusha gia mbili kwa mpigo, na matairi ya nyuma yanateleza kwenye lami iliyoloa.

"Umeona, fundi?"

Nilikuwa nimeona. Giaboksi ile haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inafanya kile walichoiagiza walioitengeneza, watu waliofikiria barabara pana na foleni ya kwenda kazini. Nikamwonyesha vile vibati viwili nyuma ya usukani ambavyo alikuwa akidhani ni mapambo: cha kushoto kinapangua, cha kulia kinapandisha. Tukarudi Uyole yeye akipangua mwenyewe kabla ya kona, na teke likaisha. Nilimtoza hela ya kupima tu.

Tukio hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba watu wa GR Yaris wameshika pahali penyewe. Angalia mguu wa dereva anayejua kazi akikaribia kona. Hauachii mafuta taratibu. Unahama ghafla kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, na breki inakanyagwa kwa nguvu mwanzoni, kisha inaachiwa kidogo kidogo usukani unapoanza kukatwa. Mguu wa anayepunguza mwendo kwa sababu amemwona trafiki haufanyi hivyo. Habari yote ya kona imo katika namna breki ilivyokanyagwa, na inapatikana mapema, kabla gari halijapunguza hata kilometa tano. Ni suala la kuiandikia programu iisome.

Kusoma ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni vyuma. Ukiondoa sampu (bakuli la oili lililo chini) na kumwaga oili, unakutana na valvu bodi: bamba la alumini lenye vijia vilivyopindanapindana, na ndani yake valvu nyembamba ambazo punje moja ya uchafu inatosha kuzinasisha. Solenoidi zimepangwa pembeni, ndizo zinazopokea amri za kompyuta na kuelekeza oili. Nyuma yake ziko klachi, pleti za chuma na pleti zenye ngozi ya msuguano zikipishana, moja baada ya moja. Pleti nzima ina rangi ya kahawia na ukiipitishia ukucha unahisi mikwaruzo laini. Iliyoungua ni nyeusi, inang'aa, na harufu yake ikikaa kwenye ovaroli hata sabuni ya mche haiitoi. Katikati kuna gia za sayari: gia ya jua, sayari zinazoizunguka, na pete ya nje. Ukizuia kimoja kati ya hivyo vitatu na kuzungusha kingine, cha tatu kinatoka na mwendo tofauti. Ukiunganisha seti kadhaa, unapata gia sita, nane, kumi.

Giaboksi ya kampuni ya Kijerumani ZF iitwayo 8HP, iliyoanzia kwenye BMW 7 Series mwaka 2009, ina seti nne za sayari na vishikio vitano tu, yaani klachi tatu na breki mbili. Kwa kila gia ya mbele, vitatu vinashika na viwili tu vinaachia. Hiyo ni hesabu ya kuvulia kofia, kwa sababu kila klachi iliyoachia inaendelea kuzunguka ndani ya oili na kula nguvu bure. Ndiyo giaboksi iliyowafanya BMW wa kitengo cha M, cha magari yao ya spoti, waachane na giaboksi za klachi mbili (nitazieleza mbele) kwenye M5 na baadaye M3, na Toyota waiweke kwenye Supra ya 2019.

Kubadilisha gia ndani ya chombo hiki maana yake klachi moja iachie na nyingine ishike, kwa kupishana, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Ya kwanza ikiachia mapema, kijiti kiko hewani: resi (mizunguko ya injini) zinaruka, gari haliendi. Ya pili ikishika kabla ya mwenzake kuachia, zinagombania: gari linapiga teke. Kwa hiyo kompyuta inapima shinikizo la kila upande, na papo hapo inaiambia injini ipunguze nguvu kidogo ili makabidhiano yafanyike kwa amani, kisha iirudishe. Kwenye gari la spoti hayo yote yanatakiwa yafanyike resi zikiwa juu na tabo imejaa. Ngozi ya pleti ikiwa dhaifu, itaungua mapema. GR-DAT nayo ilipewa pleti zenye ngozi inayovumilia joto zaidi, na naamini hiyo imechangia wepesi wake kuliko hata programu, kwa sababu programu inaweza tu kuomba kile ambacho pleti inaweza kutoa.

Huu mjadala wa auto kwenye gari la spoti si wa jana. Corvette ya kwanza kabisa, ya mwaka 1953, haikuwa na gia za mkono: ilikuja na auto ya gia mbili, Powerglide. Mbili! Wapenda mbio waliicheka. Corvette ya 2020 nayo haina gia za mkono, ila sasa ni gia nane za klachi mbili kutoka Tremec, na hakuna anayecheka. Porsche walikuwa na klachi mbili, PDK, kwenye magari yao ya mashindano ya 956 na 962 miaka ya 1980, lakini elektroniki za wakati ule hazikuwa tayari kwa gari la barabarani. Wateja wa 911 waliipata mwaka 2008, Volkswagen wakiwa wameshawatangulia na klachi mbili yao, DSG, mwaka 2003. Halafu Porsche wakatoa 911 GT3 ya 2013 kwa PDK peke yake, na wateja wakalalamika mpaka gia za mkono zikarudishwa mwaka 2017. Mimi siwalaumu hao wateja. Gari la kufurahia halihesabiwi kwa saa ya mkononi tu.

Klachi mbili zina akili yake. Gia za namba witiri ziko kwenye shafti moja na klachi yake, za namba shufwa ziko kwenye nyingine. Ukiwa gia ya tatu, ya nne imeshaingizwa inasubiri. Klachi zinabadilishana tu. Ajabu ya mpango huu ni kwamba ni mchezo wa kubashiri mtupu. Kompyuta ikiandaa ya nne kwa kudhani utaongeza mwendo, na wewe ukataka ya pili kwa sababu ya kona, ule wepesi wote unaosifiwa unapotea: lazima iitoe ya nne, iingize ya pili, ndipo ikabidhi. Kwa hiyo hata huku tunarudi palepale. Anayeshinda ni aliyewahi kujua.

Na huku kwetu klachi mbili zina mtihani wa pili, semi. Panda Kitonga nyuma ya semi la mafuta linalokwenda Zambia, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, simama, jongea, simama, jongea, na korongo upande mmoja. Klachi ya msuguano kwenye mwendo huo haishiki moja kwa moja wala haiachii. Inasugua, na joto linapanda. Toki konveta haina shida hiyo. Ni feni mbili zinazotazamana ndani ya oili na ya tatu katikati inayoelekeza mtiririko, wazo la Mjerumani Hermann Föttinger la mwaka 1905, alilolibuni kwa ajili ya meli. Inateleza kwenye oili kwa hiyo hakuna ngozi inayolika, na wakati wa kuondoka inaongeza toki, mara nyingi kufikia karibu mara mbili. Kinachochemka ni oili, na oili inaweza kupelekwa kwenye rejeta yake ikapoe. Gari likishachanganya, klachi ndogo ya ndani inaifunga konveta na nguvu inakwenda moja kwa moja. Mercedes kwenye SL 63 AMG ya 2008 walikwenda katikati: wakaitoa konveta, wakaweka klachi inayooga kwenye oili, sayari zikabaki zilezile. Kwa barabara zetu mimi nipe konveta, na rejeta ya oili iwe kubwa. Wale wa GR Yaris nao walibaki na konveta, na sidhani kama ni kwa bahati.

Joto si jambo la kupuuza. Sisi mafundi tuna kanuni kwamba oili ya auto ikishapita nyuzi 80 hivi, kila ikiongezeka nyuzi kumi umri wake unakatika nusu. Inaweza isiwe hesabu ya maabara, lakini rangi ya oili ninayoimwaga inaiunga mkono. Halafu kuna hewa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kimo hicho kinapunguza hewa kwa zaidi ya asilimia 15, kwa hiyo injini isiyo na tabo inapungua nguvu karibu kiasi hichohicho. Dereva anakanyaga zaidi, kompyuta inaona mguu umezama, inaangusha gia, resi zinalia, gari linapanda kwa shida. Auto ya gia nne huku ni mateso: ya tatu ndogo mno, ya nne kubwa mno. Gia nane zilizokaribiana zinaiacha injini ya tabo ndogo ibaki pale inapovuta vizuri, na hiyo ndiyo faida ya gia nane ninayoielewa mimi. Wanaodhani ni za kwenda mwendo mkubwa hawajapanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini.

Kuna waliochagua njia nyingine ya kuwahi. Rolls-Royce Wraith ya 2013 ilitumia setilaiti: giaboksi yake inaona kona kwenye ramani na kuchagua gia kabla gari halijafika. Malori ya Volvo na Scania nayo yana mifumo inayokumbuka au kusoma milima, na madereva wa Tunduma wanaoendesha malori mapya wanaisifu. Kwa lori lenye tani nyingi ni jambo jema, mlima hauhami. Lakini kwa gari linalokimbia kwenye barabara yetu, ramani inajua kona na haijui kilichopo kwenye kona. Haijui kwamba mbele kuna matawi ya miti yamelazwa barabarani, na kwamba matawi maana yake semi limekufa hatua chache mbele. Dereva ameyaona majani, mguu wake umeshahamia kwenye breki kwa nguvu. Giaboksi inayousoma mguu huo imepata taarifa ambayo setilaiti haina.

Sasa kuna suala ambalo washabiki hawaliulizi, na mimi ndilo litakalonilisha au kuninyima. Magari haya yatafika. Huwa yanafika, yakiwa yameshatumika Japani, yanashushwa Dar na mwisho wake yanapanda Kitonga kuja kwetu. Auto za kisasa zinajifunza: pleti zikilika, kompyuta inarekebisha shinikizo taratibu, na ukibadilisha pleti au valvu bodi lazima uifute ile kumbukumbu na kuifundisha upya, la sivyo gari linarudi na teke lilelile na mteja anasema umemwibia. Wengine wanasema limerogwa. Programu inayosoma mguu wa dereva itakuwa na mengi zaidi ya kufundishwa, na ikiwa mashine ya kuifundisha itakuwa imefungwa kwa mawakala peke yao, kijana wa Mbeya mwenye gari zuri atalipeleka Dar juu ya lori. Wapo watengenezaji wanaoandika kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote ya gari. Wanamaanisha maisha ya mwenye gari wa kwanza, na sisi ni wa pili au wa tatu. Kwa hiyo GR Yaris ya auto ya kwanza ikiingia gereji kwangu, nitaiendesha kwanza, hilo sitadanganya, na nitaipeleka barabara ya Chunya. Nikirudi, nitaingia chini yake kutazama kama sampu inafunguka gari likiwa juu ya jeki au mpaka ushushe giaboksi nzima.